Tuma Kidogo Kwanza, Halafu?

Karibu kila kundi la WhatsApp au Telegramu linalozungumzia sarafu za kidijitali lina ushauri mmoja unaorudiwa kama amri. Ukitaka kuhamisha tokeni zako kutoka Ethereum kwenda mtandao wa tabaka la pili, yaani uliojengwa juu yake, iwe Arbitrum, Optimism au Base, tuma kidogo kwanza. Kikifika, tuma zote. Vijana wanafundishwa hivyo, nao wanawafundisha wenzao. Mimi nasema ushauri huu, kwa namna unavyotolewa, unawaponza watu. Unajibu swali moja dogo, kama umenakili anwani sawasawa, kisha unamwacha mtu akiamini kwamba ameshajibiwa yote.

Tokeni yako haivuki kwenda popote. Inafungiwa ndani ya mkataba wa kompyuta ulioko Ethereum, halafu upande wa pili unaandikiwa tokeni nyingine inayokupa haki ya kudai kile kilichofungiwa; mfumo huu ndio unaoitwa daraja. Mkulima wa korosho wa Mtwara anayeuza kwa stakabadhi ghalani angeelewa hili upesi kuliko wengi wetu: mzigo umebaki ghalani, wewe umeshika karatasi. Karatasi hiyo ina thamani maadamu mzigo upo na aliyeshika funguo ni mwaminifu. Kupewa karatasi ya kilo mbili hakukuambii lolote kuhusu kufuli.

Machi 23, 2022, wezi walichota etha (sarafu ya Ethereum) 173,600 na USDC (tokeni inayofuata dola) milioni 25.5 kutoka daraja la Ronin, mtandao uliobeba mchezo wa Axie Infinity. Ni zaidi ya dola milioni 600. Hawakuvunja hesabu yoyote ngumu. Walipata funguo tano kati ya tisa za wathibitishaji walioidhinisha miamala, na nne kati ya hizo zilikuwa za kampuni moja, Sky Mavis. FBI ya Marekani baadaye ililitaja kundi la Lazarus la Korea Kaskazini kuwa ndilo lililohusika. Kinachoniuma zaidi ni tarehe ya kugunduliwa kwa wizi huo: Machi 29, siku sita baadaye, tena kwa sababu mtumiaji mmoja alijaribu kutoa etha 5,000 akashindwa. Siku zote hizo sita ghala lilikuwa limeshachotwa na mlango wa kuingilia uko wazi. Aliyejaribu kutuma kidogo katika siku hizo angeona kimefika, akashusha pumzi, akatuma zote.

Najua jibu litakalotolewa: Ronin ulikuwa mnyororo wa pembeni wenye wathibitishaji wake, haukuwa tabaka la pili halisi linaloegemea usalama wa Ethereum. Ni kweli, na tofauti hiyo ni kubwa. Lakini jaribio lako la dola tano haliwezi kukuonyesha tofauti hiyo. Pesa inafika vilevile kwenye mtandao imara na kwenye mtandao unaoshikiliwa na watu watano. Novemba 2023 mradi wa Blast ulianza kupokea amana kabla mtandao wenyewe haujakuwapo, na mkataba uliopokea fedha hizo ungeweza kubadilishwa kwa funguo tatu kati ya tano. Mabilioni ya dola yaliingia, na kutoa hakukuwezekana mpaka mtandao ulipozinduliwa mwisho wa Februari 2024. Huko nako, kila aliyetuma kidogo kwanza alifaulu jaribio lake.

Hata mitandao inayoheshimika ilikuwa na miaka ya kuaminiana tu. Optimism ulifunguliwa kwa watu wote mwishoni mwa 2021, lakini mfumo wa kumwezesha mtu yeyote kupinga hesabu za uongo ulifika Juni 2024, na miezi miwili baadaye ukarudishwa kwa muda mikononi mwa wachache baada ya wakaguzi kukuta kasoro. Silaumu uamuzi huo, ulikuwa wa busara. Ninachokataa ni kumwambia mtu kwamba ukiwa tabaka la pili uko salama sawa na kuwa Ethereum.

Na kuna kisa kinachouvunja ushauri huu kwa pigo moja. Mwaka 2022 taasisi ya Optimism ilikubali kuikabidhi kampuni ya Wintermute tokeni milioni 20 za OP. Wintermute wakatoa anwani. Taasisi ikatuma majaribio mawili, Wintermute wakathibitisha yote mawili, ndipo mzigo wote ukatumwa. Anwani ile ilikuwa ya pochi ya mkataba iliyoundwa Ethereum, ambayo upande wa Optimism ilikuwa bado haijaundwa. Tokeni zilionekana pale, lakini kampuni haikuwa na uwezo wa kuzigusa. Mtu mwingine akawahi kuiunda pochi ile kwenye anwani ileile, akazichukua. Baadaye alirudisha milioni 17. Hao walikuwa wataalamu kwa pande zote mbili, na walijaribu mara mbili. Walichojaribu ni kufika. Hakuna aliyejaribu kutoka.

Nani atasema haya hayatuhusu? Mwaka 2023 maelfu ya watu walipanga foleni KICC, Nairobi, wakapigwa picha za mboni za macho na mradi wa Worldcoin kwa tokeni zenye thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Tokeni zile zilikaa Optimism, na Oktoba 2024 mradi huo ukazindua tabaka la pili la kwake, World Chain. Wengi wa wale wa foleni waliingia tabaka la pili bila kuulizwa, na sidhani kama kuna aliyewaeleza nani ameshika funguo.

Jaribio la maana ni la kwenda na kurudi. Tuma kidogo, kitumie kule, halafu kirudishe Ethereum kwa daraja rasmi la mtandao. Kwa Arbitrum na Optimism utasubiri takriban siku saba, muda uliowekwa ili hesabu za uongo zipingwe. Madaraja ya haraka yatakupunguzia kusubiri, lakini yanakuongezea mtu mwingine wa kumwamini. Multichain, daraja mojawapo la aina hiyo, ilipopoteza zaidi ya dola milioni 100 Julai 2023, ilisema funguo zilikuwa chini ya mkuu wake, aliyekuwa amekamatwa China. Kabla ya hayo yote soma tovuti ya L2Beat, inayoeleza kwa kila mtandao nani anaweza kubadilisha mkataba na kama unaweza kutoka bila ridhaa ya waendeshaji.

Kurudi Ethereum kuna ada, na kwa mwenye kiasi kidogo ada hiyo inaweza kula mtaji. Huyo asipite darajani kabisa. Atoe tokeni kwenye soko analonunulia moja kwa moja hadi tabaka la pili, abakize etha kidogo ya ada huko, na kabla ya kutuma ahakikishe soko lilelile linapokea kutoka mtandao huo, kwa tokeni ileile. USDC na USDC.e za Arbitrum ni tokeni mbili tofauti, na soko linalopokea moja linaweza lisiitambue nyingine.