Weusi wa Miwani Si Kinga ya Macho

Ndugu msomaji, macho ni amana tuliyopewa na Mola, na amana hulindwa. Huku kwetu pwani jua hutupiga mara mbili: latoka juu, kisha larudishwa na maji ya bahari na mchanga mweupe. Miale yake isiyoonekana, iitwayo urujuanimno, ikiyapiga macho miaka nenda miaka rudi, huchangia mtoto wa jicho na kile kinyama kiotacho juu ya weupe wa jicho.

Wengi wetu huchagua miwani ya jua kwa weusi wake. Hapo ndipo pa kutahadhari. Rangi hupunguza mwangaza tu. Kioo cheusi kisichozuia miale hiyo huifanya mboni itanuke kama ilivyo gizani, na miale ikapata mlango mpana wa kuingilia.

Basi mama, kabla ya kulipa, tafuta alama ya UV400, au maandishi kwamba miale hiyo yazuiwa kwa asilimia 100. Ukiwa na shaka, ipeleke kwa fundi wa miwani mwenye kifaa cha kuipima. Chagua iliyo pana na yenye kukaa karibu na uso. Watoto nao wasivalishwe miwani ya kuchezea, kwani macho yao hupitisha miale mingi kuliko yetu.

Na hata miwani iliyo bora haimruhusu mtu kulitazama jua, wala siku ya kupatwa kwake.

Mola atuhifadhie nuru ya macho yetu. Amin.