Pete imezama ziwani? Ukweli kwanza, mashine baadaye

  

Mwezi huu naomba tuzungumzie jambo ambalo wengi hulidharau hadi siku linapowakuta: pete ya ndoa au ya uchumba kuchomoka kidoleni na kuzama ziwani. Usicheke. Mmetoka zenu wikiendi, mko ufukweni, mnauza sura kwenye picha, mnarushiana maji kama watoto. Ukitoka unajifuta na taulo, unatupa jicho mkono wa kushoto, kidole kitupu! Hapo starehe yote inageuka shubiri.

Swali la kwanza linalokuja kichwani ni "nitamwambia nini?" Na hapo ndipo kasheshe inapoanzia. Wapo wanaonyamaza, kesho yake wanakwenda kwa sonara kutafuta ya kufanana nayo. Wapo wanaopiga fiksi: nimeibiwa, nimeiacha ofisini, niliivua nikaiweka kwenye pochi. Na mwenzio naye ana lake: "Uliivua ili nani asiione?" Wengine wanasema ni mkosi, wanaanza kutafutana nani kawaroga. Matokeo yake, kinachotikisa nyumba si pete. Ni maelezo.

Ninachotaka kukuambia leo ni kwamba pete iliyozama inaweza kupatikana, na watu wanaoifanya kazi hiyo wapo. Lakini mashine yao inategemea kitu kimoja kisichouzwa dukani, nacho ni ukweli wako.

Kwa nini inachomoka

Kwanza tuondoe habari ya mkosi. Ukiingia kwenye maji baridi, mishipa ya damu ya vidoleni hujibana ili mwili ulinde joto lake, na kidole kinapungua unene. Pete iliyokuwa imekaa sawasawa nchi kavu inaanza kucheza. Ongeza losheni au mafuta ya kujikinga na jua, ongeza na kurusha mpira au kuvutana mikono, basi, imekwenda. Wapo pia waliopungua mwili baada ya harusi huku pete ikibaki na saizi ile ile. Hakuna uchawi hapo.

Inakwenda wapi

Wengi wanadhani pete imechukuliwa na maji ikaenda mbali. Si hivyo. Dhahabu safi ina uzito wa mara 19 wa maji ya ujazo ule ule, wakati mchanga wa kawaida haufiki hata mara 3. Pete ya karati 18, ambayo asilimia 75 yake ni dhahabu na iliyobaki ni metali nyingine kama fedha na shaba, nayo ni nzito vya kutosha. Inakwenda chini moja kwa moja, inatua karibu na pale ulipokuwa umesimama, kisha taratibu inajizika kwenye mchanga au tope.

Kinachoipoteza zaidi ni miguu. Mtu anapiga ukelele, ndugu na marafiki kumi wanavamia pale pale kusaidia, wanaikanyaga na kuididimiza, na tope linatibuka mpaka hakuna anayeona kitu. Faraja ni kwamba dhahabu haishiki kutu. Ikae mwezi, ikae miaka, siku ikitolewa ni dhahabu ile ile. Ya fedha inaweza kuwa nyeusi, lakini inasafishika.

Wenzetu wa Ziwa Tahoe

Huko Marekani, mpakani mwa majimbo ya California na Nevada, kuna Ziwa Tahoe. Liko juu milimani, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na kina chake kinafika mita 501. Maji yake ni maangavu na ya baridi, na maharusi wanalipenda, usipime! Wengine wanafungia ndoa pale, wengine wanakwenda kula fungate. Sasa changanya mwenyewe: maharusi, maji ya baridi, pete mpya.

Kati ya Mei 2021 na Mei 2022, wapiga mbizi wa shirika la Clean Up The Lake walilizunguka ziwa hilo lote, karibu kilometa 116, wakiokota takataka kwenye maji yasiyozidi kina cha mita 8 hivi. Walitoa zaidi ya tani 11. Humo katikati ya makopo na chupa mlikuwa pia na pete ya almasi. Wenyewe walikuwa wanasafisha ziwa tu, hawakutumwa na aliyepoteza pete. Hebu fikiria basi nyumba ngapi ziliwahi kununiana kwa ajili ya vitu vilivyokuwa vimelala hapo karibu na ufukwe.

Wapo pia wanaotafuta kwa makusudi. Raia mmoja wa Kanada, Chris Turner wa Vancouver, alianzisha orodha inayoitwa The Ring Finders, inayowaunganisha waliopoteza vito na watafutaji wenye mashine katika nchi mbalimbali. Wengi wao wanafanya kwa mtindo wa zawadi: unagharamia safari yake, na zawadi yenyewe unatoa pete ikipatikana.

Mashine inavyofanya kazi

Kitambua metali, au detekta kama wengi wanavyoiita, ina kichwa cha duara chenye waya uliozungushwa ndani. Kichwa hicho kinatoa nguvu ya sumaku. Ikikuta metali, umeme mdogo unazunguka ndani ya metali hiyo na kurudisha ishara, na mtafutaji anasikia mlio kwenye hedifoni. Zile za majini zimezibwa maji yasiingie. Mtafutaji anatembea polepole, maji kiunoni au kifuani, anapitisha kichwa cha mashine karibu na mchanga, mstari kwa mstari kama mtu anayelima matuta, bila kuruka nafasi. Ikilia, anachota kwa chekeche la chuma lenye mpini mrefu. Mchanga unatoka, kitu kinabaki. Penye kina kirefu zaidi kazi hiyo ni ya wapiga mbizi wenye mitungi ya hewa.

Lakini usiione kama miujiza. Kwa kitu kidogo kama pete, mashine mara nyingi haisikii zaidi ya futi moja chini ya mchanga. Kile kipande cha kufungulia kopo la soda kinaweza kulia karibu sawa na pete ya dhahabu, kwa hiyo mtafutaji makini anachimba kila mlio. Pete inasikika vizuri kwa sababu ni duara lililofungwa, umeme unazunguka humo bila kukatika. Mkufu mwembamba unasumbua, hata kama una dhahabu nyingi kuliko pete. Na kama ni lulu au jiwe peke yake limechomoka, mashine haitasema kitu. Inasikia metali tu.

Daktari aliyeelekeza upande usio

Sasa sikiliza kisa hiki cha kweli. Julai 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na moja ikabaki mwilini. Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, alitengeneza kifaa cha kutambua metali, akakipeleka Ikulu. Alijaribu mara mbili, hakuipata. Kitanda cha rais kilikuwa na springi za chuma, zikavuruga mlio. Tena, daktari mkuu aliamini kwamba risasi iko upande wa kulia, akamruhusu Bell apime upande huo tu. Garfield alifariki Septemba mwaka huo huo. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha kwamba risasi ilikuwa upande wa kushoto.

Umeona? Mashine inatafuta pale ilipoambiwa itafute. Ukisema pete ilichomoka ukiwa unaogelea, kumbe uliivua ukaifunga kwenye kanga halafu ukaikung'uta ufukweni, mtafutaji atashinda majini siku nzima na pete iko nchi kavu. Ukisema ni saa nne asubuhi karibu na gati, kumbe ni saa kumi jioni upande wa pili ulikokwenda na rafiki zako, umemtuma mtu wa watu kusikokuwa na kitu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na majini ni fupi zaidi.

Fanya hivi mara moja

1. Simama ulipo. Usiondoke, na waambie wengine wasisogee.

2. Weka alama. Angalia mbele: mti gani umelingana na paa gani? Angalia pembeni: jiwe gani limelingana na nguzo gani? Mistari hiyo miwili inapokutana ndipo ulipo. Wavuvi wanazijua alama za nchi kavu tangu zamani. Mwenye simu ufukweni apige picha ukiwa umesimama hapo hapo na ahifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu. Ukipata kamba, jiwe na chupa tupu ya maji, tengeneza boya.

3. Kama maji ni maangavu, tazama kwanza kwa macho bila kutibua. Usianze kupapasa.

4. Andika kila kitu kama kilivyokuwa: saa, kina cha maji mwilini mwako, ulikuwa unafanya nini, na mara ya mwisho uliyoiona pete ni lini. Kama hukumbuki, sema hukumbuki. Picha za siku hiyo zitasaidia, zitazame kidole kimoja kimoja.

5. Tafuta mtu mwenye detekta inayoingia majini, na kubalianeni malipo kabla hajalowana. Uliza pia wenye eneo kama wanaruhusu.

Na maziwa yetu je?

Pale Tahoe adui ni baridi. Huku kwetu kuna mengine. Ziwa Victoria lina kichocho sehemu nyingi, na vimelea vyake, vinavyotoka kwa konokono wa majini, vinapenya kwenye ngozi ukiwa umesimama tu kwenye maji. Kadiri unavyokaa muda mrefu kwenye maji ya kina kifupi, hasa penye majani, ndivyo hatari inavyoongezeka. Kwa hiyo baada ya kutafuta, baada ya wiki kadhaa nenda hospitali ukapime. Kichocho kina dawa. Kuna sehemu zenye mamba na viboko pia, na wenyeji wanazijua. Wakikuambia hapo hapaingiwi, hapaingiwi, hata kama pete ina almasi. Na kama imeangukia katikati ya Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kinafika karibu mita 1,470, dada yangu, kaka yangu, hiyo tuiage kwa heshima.

Wewe unayeambiwa

Nimesema sana na aliyepoteza. Sasa wewe mwenzi wake. Siku akija analia, maji yanamdondoka, akisema "imezama," neno lako la kwanza ndilo litakaloamua kama utaambiwa ukweli wote. Ukianza na "najua tu hukuitaka hii ndoa," ataanza kujitetea, na mtu anayejitetea anapunguza hapa, anaongeza pale. Ukimuuliza "ilikuwa wapi, twende unionyeshe," umeshika kamba ya kuipata. Maji yakimwagika hayazoleki, na maneno nayo ni hivyo hivyo. Pete angalau ina mashine ya kuitafuta.

Na wewe uliyekwisha kununua ya kufanana ukanyamaza, mficha uchi hazai. Alama za ufukweni bado unazikumbuka leo, mwakani hutazikumbuka. Ukisema sasa, huenda pete ikapatikana. Ukingoja agundue mwenyewe kwa sonara siku ya kuisafisha, mtakuwa mnatafuta kingine kabisa, kilichopotea mbali zaidi.

Kwa ambao bado pete ziko salama, dawa ni rahisi: ziacheni nyumbani mnapokwenda kuogelea, na si ndani ya kiatu ufukweni. Wanaotaka alama ya ndoa hata majini wavae ya silikoni, ni bei poa. Iliyolegea ipelekwe kwa sonara ipunguzwe. Na piga picha ya pete yako pamoja na muhuri wake wa ndani, kama 750 kwa karati 18 au 585 kwa karati 14, ili ikiokotwa na mtu mwema uweze kuthibitisha ni yako. Ukiokota wewe ya mwenzio, mrudishie. Kuna mtu mahali fulani amekosa usingizi kwa ajili yake.

Leo nakomea hapo. Mwezi ujao, panapo majaaliwa, tutazungumzia wanandoa na akaunti ya pamoja benki: nani atoe, nani aulize. Hadi wakati huo, mpendane na muambiane ukweli. Kwaheri.