Shimo Lililofunikwa Si Shimo Lililojazwa

Katika sehemu zenye dhahabu, kama Kakamega na Migori, yako mashamba yaliyo juu ya machimbo ya zamani. Mgodi wa Rosterman, karibu na mji wa Kakamega, ulifungwa mwaka wa 1952, lakini wachimbaji wadogo wangali wakiifuata dhahabu chini ya ardhi katika sehemu hizo. Mashimo mengine yametiwa udongo yakapandwa mahindi, na mgeni akipita hajui kwamba palikuwa na shimo. Kisha huja mtu akakuambia, "Wewe lima juu, mimi nitachimba chini, na fedha nitakuletea." Mkulima, usikubali upesi.

Ardhi iliyojazwa na watu si sawa na ardhi ambayo haijaguswa. Ukitaka kuona, jaza debe udongo mkavu mpaka mdomoni, kisha umwagie maji polepole. Kesho yake utakuta udongo umeshuka. Sasa toboa tundu kubwa chini ya debe, umwage maji tena. Udongo utageuka matope na kutokea chini, na juu patabaki shimo. Ndivyo shamba linavyodidimia.

Jambo hili limekwisha kuua watu. Huko Mufulira, Zambia, matope yaliyobaki baada ya kusaga mawe ya shaba yaliwekwa juu ya mahali palipochimbwa chini. Tarehe 25 Septemba 1970 ardhi ilitoboka, matope yakaingia mgodini, na watu 89 wakafa. Huko Afrika Kusini, katika mgodi wa West Driefontein, maji ya chini ya ardhi yalitolewa kwa pampu ili watu wachimbe pakavu. Kumbe maji hayo ndiyo yaliyokuwa yakishikilia udongo uliofunika mapango ya mwamba wa namna ya chokaa. Mwezi wa Desemba 1962 ardhi ilifunguka ghafula, ikameza jengo la kuvunjia mawe pamoja na watu 29. Mwamba wa Kakamega si wa namna hiyo, lakini somo ni moja: maji yakiingia au yakitolewa, ardhi husogea.

Kwa hiyo nashauri uulize maswali matatu kabla ya kutia sahihi.

Kwanza, ramani iko wapi? Ionyeshe mashimo ya zamani na njia mpya, kina chake, na nguzo za mwamba zitakazoachwa ili kushika paa. Asiye na ramani anacheza kamari kwa shamba lako.

Pili, maji yatakwenda wapi? Je, pampu itakausha kisima chako? Mvua ya masika itazuiwaje isiingie shimoni?

Tatu, shamba limeinama namna gani? Mahali pa mteremko, ardhi ya chini ikididimia, ya juu hukosa kitegemeo ikaporomoka. Basi jirani wa juu na wa chini nao waitwe katika shauri hili.

Kama kazi imekwisha kuanza, angalia dalili: nyufa zilizopinda kama mwezi mchanga, nguzo za ua zinazoinama, mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa unakataa, kisima kilichokauka, au chemchemi mpya. Ukiziona, ondoa watu na ng'ombe mahali hapo, na umwarifu Chifu siku hiyo hiyo. Usitupe udongo katika ufa na kupanda migomba juu yake. Huko ni kuficha ugonjwa.

Madini ni mali ya Jamhuri, lakini Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 yataka idhini ya mwenye ardhi ya binafsi kabla ya haki ya kuchimba kutolewa. Idhini hiyo ndiyo nguvu yako, nayo hupungua mara tu wino unapokauka.

Wengine watauliza, "Karo italipwa na nini?" Sipingi madini. Fedha ya dhahabu hulipa karo sawasawa na fedha ya maziwa. Lakini dhahabu hutolewa mara moja, na mahindi huvunwa kila mwaka. Tena shamba la mkopo likizama, deni halizami nalo. Taka ramani kwanza, kalamu baadaye.