Apophis na Taa za Kariakoo

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Aprili 2029, asteroidi iitwayo Apophis, jabali lenye upana unaozidi meta 300, itapita kiasi cha kilometa 32,000 juu ya ardhi. Itakuwa chini kuliko setilaiti zinazolengwa na madishi yauzwayo Kariakoo. Haitaigonga Dunia. Afrika ni miongoni mwa sehemu itakakoonekana kwa macho matupu, mfano wa nyota hafifu itembeayo. Kuelekea saa 7 usiku itakuwa karibu kabisa.

Lakini mwanga wa mjini huzimeza nyota hafifu. Tangu Februari 2025, ilipozinduliwa biashara ya saa 24, Kariakoo imepata sababu zaidi ya kuwasha taa, na mfanyabiashara anastahili mwanga unaomkinga na wezi. Asiouhitaji ni ule upoteao angani. Taa zifunikwe juu, zimulike chini. Hata umeme mchache zaidi utatosha.

Shirika la Anga la Ulaya linatarajia roketi irushwe mwaka 2028, ipeleke chombo kiitwacho Ramses kuisindikiza Apophis. Mtoto wa Mtaa wa Msimbazi hahitaji roketi. Wenye mabango ya taa wayazime kwa saa moja tu, naye apelekwe viwanja vya Mnazi Mmoja, asije akalitazama kwenye simu jambo lililo juu ya paa lao.