Marehemu Yuko Wapi Usiku Huu?

Mtu mzima anapofariki katika nyumba ya Wakristo, kazi za kwanza hazina ugomvi. Mbao za jeneza hutafutwa, kaburi huchimbwa, na jamaa walio mbali hupelekewa habari. Mashindano huanza jioni, watoto wa marehemu wanapokaa kupanga ibada. Tuseme kwamba marehemu alikuwa Mwanglikana. Mwana wa kwanza ni Mkatoliki, naye ataka padre asome misa ya kumwombea baba yake. Wa pili amefuata kanisa la baba, naye asema kwamba mzee alikufa katika imani na hana haja ya kuombewa. Binti yao ameolewa kwa Wasabato. Kwake yeye ndugu zake wote wawili wamekosea, maana baba amelala na hajui neno lo lote. Mjane huketi karibu nao, asiseme kitu. Swali lake ni moja tu: mume wake yuko wapi usiku huo?

Nyumba za namna hii si chache, hasa katika Nyanza. Mapadre wa Mill Hill walikwisha kufika Kisumu wakati ambapo Wasabato walifungua kituo chao Gendia, mwaka wa 1906, na mwaka huo huo wamisionari wa CMS walianza kazi Maseno. Kila mmoja alifundisha kama alivyofundishwa kwao, na ndugu wa tumbo moja wakasoma katekisimo mbalimbali.

Yafaa kwanza kutaja yale wasiyogombania. Makanisa hayo yote hufundisha kwamba Kristo atarudi, wafu watafufuliwa kwa miili, na kila mtu atahukumiwa. Tena hakuna hata moja lifundishalo kwamba marehemu huzunguka nyumba yake akitafuta chakula, wala kwamba atawadhuru watoto kwa sababu ya ibada iliyokosewa. Mjane aliyekua akiogopa mzimu wenye hasira, ambao Wajaluo huuita jachien, apewe habari hiyo kabla ya nyingine zote. Ubishi wote ni juu ya muda ulio katikati, tangu kufa hata kufufuka.

Wakatoliki husema kwamba roho huhukumiwa mara inapoacha mwili. Iliyo safi kabisa huingia mbinguni; iliyomkataa Mungu hupotea; na iliyokufa katika neema bali ina mabaki ya kusafishwa hupita toharani. Neno lenyewe latokana na tohara, yaani usafi. Wengi hudhani kwamba toharani ni mahali pa kujaribiwa mara ya pili. Sivyo. Aliyeko huko amekwisha kuokoka, na mwisho wake ni mbinguni bila shaka. Sala za walio hai humsaidia katika kusafishwa kwake, kama Yuda Makabayo alivyochanga drakma 2,000 za fedha ili sadaka itolewe Yerusalemu kwa ajili ya askari wake waliouawa. Lakini habari hiyo imo katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, ambacho Waprotestanti hawakihesabu kuwa Maandiko yenye amri. Basi mwana wa pili akifungua Biblia yake asikione, ndugu yake asimwite mwongo.

Tena Waprotestanti wana kumbukumbu ya fedha. Mwaka wa 1517 Martin Luther alipinga biashara ya rehema zilizouzwa kwa faida ya walio hai na wafu. Mtaguso wa Trento, mwaka wa 1563, ulithibitisha toharani, lakini uliwaagiza maaskofu wakataze tamaa ya mapato katika jambo hilo. Waanglikana waliikataa toharani katika kifungu cha 22 cha Vifungu vyao 39, ingawa wako Waanglikana wanaowataja wafu wao katika sala, wakiwakabidhi kwa Mungu pasipo kusema zaidi.

Hoja ya Wasabato yataka macho ya karani. Yesu alimwahidi mhalifu aliyesulubiwa pamoja naye kwamba atakuwa naye peponi, na neno “leo” limo katika ahadi hiyo. Je, ni leo atakapokuwa peponi, au ni leo anapoambiwa? Nakala za kale za Kiyunani hazikuwa na mikato kama yetu. Waliotafsiri ndio walioiweka. Wengi huuweka mkato kabla ya “leo”, Wasabato baada yake. Nao huongeza Mhubiri 9, palipoandikwa kwamba wafu hawana ujuzi. Wapinzani wao huwajibu kwa habari ya Lazaro na tajiri katika Luka 16, ambao walikufa na bado wajua walipo. Luther mwenyewe mara kadhaa alisema juu ya kifo kama usingizi. Calvin aliandika kitabu kizima kuipinga fikira hiyo.

Wala ubishi huu haukuanza na Waprotestanti. Mwaka wa 1331 Papa Yohane wa 22 alianza kuhubiri mjini Avignon kwamba roho za watakatifu hazitamwona Mungu uso kwa uso mpaka siku ya hukumu. Wanachuo wa Paris wakampinga. Mzee huyo, karibu na miaka tisini, aliyakana maneno yake kitandani mwa kufa, Desemba 1334, na Papa aliyemfuata akalikata shauri mwaka wa 1336: roho safi humwona Mungu tangu sasa. Ikiwa Papa aliweza kukosea juu ya jambo hili, vijana watatu wanaobishana kando ya moto wanaweza kuvumiliana.

Iko pia habari ya mama mmoja wa Afrika. Monika, aliyezaa mwanawe Augustino huko Tagaste, katika nchi iitwayo sasa Algeria, alikuwa amejitengenezea kaburi kando ya mumewe. Mwaka wa 387 akashikwa na homa huko Ostia, Italia, akingoja merikebu ya kurudi kwao. Mwanawe mwingine akataka asifie ugenini. Mama akawaambia wauzike mwili wake popote, wasijisumbue. Ila wamkumbuke mbele ya altare ya Bwana.

Katika nyumba yetu, mchungaji wa Kianglikana ndiye atakayezika, kwa kuwa marehemu alikuwa wake. Mwana wa kwanza hazuiliwi kuomba misa katika parokia yake mwenyewe, wala hana ruhusa ya kumdai mdogo wake mchango wa misa hiyo. Binti asilazimishwe kusema sala asizoziamini. Kuwapikia wageni na kulia na mama yake kwatosha. Maziko yasiwekwe Jumamosi, ili naye apate kuwapo. Na mchungaji, kabla hajasimama mbele ya watu, aingie kwanza nyumbani, aketi na mjane, amsikilize swali lake.