Kilio kilirudisha meli, mzigo ndio utakaoibakiza

WAFANYABIASHARA wa ndizi wa Muleba na Bukoba hawajausahau mwaka 2014. Mwaka huo meli ya MV Victoria, iliyokuwa ikibeba abiria na mizigo kati ya Bukoba, Kemondo na Mwanza, ilisimama kutokana na ubovu. Ilirejea kazini Agosti 2020, yaani baada ya miaka sita.

Katika miaka hiyo kilio hakikukatika. Wabunge wa Mkoa wa Kagera waliuliza bungeni, wananchi walisimama kwenye mikutano ya hadhara, na wachuuzi walilalamika magazetini. Mwaka 2018 Serikali ilisaini mkataba wa ukarabati, na meli ikatengenezwa kwa zaidi ya Sh22 bilioni. Ikapewa jina jipya la New Victoria Hapa Kazi Tu, ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 1,200 na mizigo tani 200.

Wengi walidhani mambo yameishia hapo. Lakini Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu hivi, na lori la ndizi linalotoka Muleba kwenda Mwanza kupitia Geita halisubiri tena kivuko. Barabara, ambayo kivuko kilikuwa kikiichelewesha, sasa ni mshindani wa kweli wa meli.

Kwa hiyo swali limebadilika. Zamani wananchi walikuwa wakiuliza meli itarudi lini. Leo wanapaswa kujiuliza watafanya nini ili isiondoke tena.

Hasara huishia shambani

Wapo wanaoamini kwamba huduma ya usafiri ikikatwa, anayeumia ni mchuuzi. Hesabu ndogo inaonyesha vingine. Tuchukue tarakimu za mfano tu, ambazo kila msomaji anaweza kuzibadilisha kulingana na bei ya kwake.

Tuseme mkungu mmoja unauzwa Mwanza kwa Sh12,000. Nauli ya meli ni Sh1,500, upakiaji na ushuru Sh1,000, na mchuuzi anataka abaki na Sh2,500. Kinachobaki cha kumlipa mkulima ni Sh7,000.

Sasa meli iondoke. Nauli ya lori ipande hadi Sh3,000, na katika kila mikungu 10 mmoja uive au uharibike njiani. Kwa wastani mchuuzi atapata Sh10,800 kwa kila mkungu aliopakia. Akitoa nauli, upakiaji na ushuru, na faida yake ileile ya Sh2,500, anabakiwa na Sh4,300 za kumpa mkulima. Mchuuzi hakupoteza hata senti moja. Sh2,700 zote zimetoka shambani.

Kwa nini mchuuzi asipandishe bei Mwanza? Kwa sababu mnunuzi wa Mwanza ana hiari. Ndizi zikipanda bei atapika ugali, wali, viazi au mihogo. Mkulima hana hiari hiyo, kwa kuwa mkungu uliokomaa hausubiri. Kahawa iliyokauka unaweza kuiweka ghalani ukingoje bei, ndizi huwezi. Katika biashara yoyote, gharama mpya humwangukia yule mwenye nafasi ndogo zaidi ya kukataa.

Hesabu hiyo inaonyesha jambo jingine ambalo mara nyingi halisemwi. Meli humsaidia hata mkulima ambaye hajawahi kupeleka mkungu Kemondo. Mwenye lori akijua kwamba mchuuzi anaweza kupanda meli, hawezi kujipangia nauli atakavyo. Meli ikiondoka, lori hubaki peke yake barabarani na bei huwa ya mwenye lori. Hoja hii haijafa kwa sababu ya daraja. Daraja limefupisha safari, lakini halikuweka kikomo cha nauli.

Huduma haifi siku moja

Huduma za umma ni nadra kukatwa kwa tangazo. Kwa kawaida hufa kidogo kidogo. Matengenezo ya mwaka huu yanaahirishwa hadi mwaka ujao. Chombo kinaanza kuharibika mara kwa mara, na ratiba haiaminiki. Mchuuzi aliyewahi kuozewa na mikungu gatini mara mbili anahamia kwenye lori. Mapato yanapungua, na fedha za matengenezo zinazidi kukosekana. Siku huduma inaposimama kabisa, wateja wake wengi wamekwisha kuondoka, na hapo ndipo kampeni inapoanza.

Kampeni ya namna hiyo inaweza kushinda, lakini huwa imechelewa, na kuchelewa kuna gharama. Treni ya abiria ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi ilisimama katika miaka ya 1990 na kurejea Desemba 2019, baada ya takriban robo karne. Katika muda kama huo biashara iliyotegemea reli huwa imezoea njia nyingine.

Upo pia upande wa usalama, ambao watu wa Kagera hawahitaji kufundishwa. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba na Kemondo, na watu zaidi ya 800 walikufa. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara na kuua zaidi ya watu 220. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimebeba watu kupita uwezo wake. Vyombo vikiwa vichache, watu hujazana kwenye kile kilichopo. Kwa hiyo kudai meli bila kudai matengenezo na idadi halali ya abiria ni kudai nusu ya huduma.

Mfuko umehamia mbali

Kamachumu, ambayo leo ni tarafa ya Wilaya ya Muleba, ina historia ya wananchi kusimama. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 maelfu ya wakulima walikusanyika huko kupinga amri za wakoloni kuhusu utunzaji wa migomba. Wakati huo madai yalikuwa wazi: amri iondolewe. Kudai huduma isiondolewe ni kazi tofauti, kwa sababu huduma inahitaji fedha kila mwaka, na ni lazima ijulikane nani anazishika.

Hapa ndipo mkulima anapaswa kuitazama historia ya karibu kwa macho mawili. Mwaka 2003 Serikali ilifuta kodi ya maendeleo, ile kodi ya kichwa iliyowafanya watu wakimbilie migombani kila mgambo alipoonekana. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini kila hatua ya namna hiyo ilipunguza fedha ambazo halmashauri inazikusanya yenyewe na kuongeza zile inazozisubiri kutoka Hazina. Barabara za wilaya nazo ziliwekwa chini ya TARURA mwaka 2017. Mambo mengi ambayo zamani diwani angeweza kuyasukuma Muleba sasa yanasubiri Dodoma.

Upo mfuko wa mbali zaidi ya huo. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huo shirika lake la USAID likafungwa. Kagera, mkoa ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walibainika mwaka 1983, imekuwa na huduma za ugonjwa huo zilizotegemea kwa sehemu kubwa fedha za nje. Uamuzi ulifanyika Washington, na mgonjwa wa Nshamba au kisiwa cha Bumbire hakuwa na diwani wa kumuuliza.

Hii si hoja ya kurudisha kodi ya kichwa. Ni hoja ya kujua kwamba mfuko ukihamia mbali, kampeni nayo lazima isafiri mbali, na lazima ianze mapema.

Juni ni kuchelewa

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1. Wananchi wengi huanza kuzungumzia bajeti Juni, wanaposikia hotuba ya Waziri wa Fedha redioni. Wakati huo mlango umekwisha kufungwa. Mapendekezo huanzia kwenye mkutano wa kijiji, yakaenda kamati ya maendeleo ya kata, kisha baraza la madiwani, kisha mkoa na wizara. Safari hiyo hufanyika miezi mingi kabla ya Juni. Kijiji ambacho hakikukaa kabla ya mwisho wa mwaka hakina cha kumkabidhi diwani.

Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi inaposomwa. Zahanati nazo zina kamati zenye wajumbe kutoka kwa wananchi, na kwa miaka ya karibuni fedha za uendeshaji zimekuwa zikipelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Nafasi hizo zipo, lakini mjumbe asiyehudhuria au asiyeomba kuona hesabu hailindi zahanati yake.

Nguvu ya hesabu iliyo wazi ilionekana kwa majirani. Uganda, uchunguzi wa miaka ya 1991 hadi 1995 uligundua kuwa kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku ya uendeshaji wa shule za msingi ilikuwa ikifika shuleni. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa, na shule zikatakiwa kubandika kiasi kilichopokelewa. Kufikia mwaka 2001 kiasi kilichofika kilizidi asilimia 80. Wachumi wamebishana kuhusu ni kiasi gani cha mafanikio hayo kilitokana na matangazo peke yake. Lakini ni wazi kwamba mzazi aliyeona namba ukutani aliweza kuuliza swali ambalo zamani hakuwa nalo.

Kilio chenye namba

Kwa upande wa meli, namba hizo zinaweza kukusanywa na wananchi wenyewe. Kikundi cha wachuuzi wa Muhutwe, Izigo au Kamachumu kinaweza kuweka daftari: mikungu mingapi ilipelekwa wiki hii, mingapi kwa meli, mingapi kwa lori, nauli ilikuwa kiasi gani, na mingapi iliharibika. Daftari la mwaka mmoja lina uzito kuliko hotuba kumi. Mbunge akiwa nalo mkononi, waziri hawezi kumjibu kwa ahadi ya jumla.

Jambo la pili ni kuuza mzigo kwa pamoja. Meli haiwezi kupanga safari kwa kutegemea mchuuzi mmoja mmoja anayekuja akijisikia. Vikundi na vyama vya ushirika vikiahidi tani fulani kwa safari fulani, vinaweza kuomba nauli nafuu, nafasi ya kupakia mapema na kivuli cha kuwekea ndizi gatini. Meli ina faida ya mzigo mzito wa pamoja. Lori lina faida ya kufika hadi mlangoni. Asiyejikusanya atajikuta upande wa lori, hata kama nauli yake ni kubwa.

Mtindo huohuo unafaa kwa huduma ya ugani. Mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera mwaka 2006, Muleba ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo kuathirika. Dawa ya kupulizia haikuwepo. Kilichosaidia ni elimu: kukata ua dume kwa kijiti cha panda, kuchoma panga kwa moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine, na kung'oa shina lililougua. Mwaka 2022 Serikali iligawa pikipiki kwa maofisa ugani, na bajeti ya Wizara ya Kilimo ikapanda kutoka Sh294 bilioni mwaka 2021/22 hadi Sh954 bilioni mwaka 2022/23. Kijiji kinachoandika ni mara ngapi ofisa ugani alifika, na mashamba mangapi yalipona, kitakuwa na la kusema siku fungu hilo litakapopunguzwa.

Huduma zenyewe zitabaki kuwa wajibu wa Serikali, na mkulima hapaswi kugeuzwa mwendesha meli. Lakini fedha zikipungua, mwenye kupanga bajeti hutafuta fungu ambalo halina mtetezi, au ambalo mtetezi wake hana hesabu.

Meli inayoitwa mpya iliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa umri huo itahitaji matengenezo makubwa tena. Siku hiyo ikifika, swali litakalotangulia ni Kemondo ilipakia tani ngapi mwaka uliopita. Muleba yenye watu zaidi ya 600,000 kwa sensa ya mwaka 2022 haiwezi kukosa jibu, ikianza kuliandika sasa.