Kiwele Kilichojaa Siku ya Mnada



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), wiki hii nimeisogeza mbele mada ya mirathi niliyowaahidi. Nina deni kwa mama mmoja wa darsa letu la Alhamisi, na katika kulilipa naona imo faida kwa kila nyumba inayofikiria kufuga mbuzi wa maziwa.

Mama huyu ni mjane, anawalea wajukuu watatu. Zamu yake ya fedha za kikundi cha kina mama ilipofika, aliniomba nimsindikize mnadani akanunue mbuzi. Aliniteua kwa ajili ya kanzu na kilemba. Ujuzi wa mbuzi sikuwa nao, wala sikumwambia kwamba sinao. Tukamwona chotara mmoja wa rangi ya kahawia, ana michirizi myeupe usoni, kiwele kimejaa hadi ngozi inang'aa, chuchu zimetoka ubavuni huku na huku. Nikasema, "Mashaallah, huyu ana maziwa." Kwa neno langu hilo akazifungua fedha zilizokuwa kwenye pindo la leso. Hiyo ilikuwa Jumamosi mchana.

Jumamosi jioni alikama akajaza sufuria, wajukuu wakashangilia. Jumapili asubuhi alipata kikombe kimoja. Jioni, kikombe kisichojaa. Jumatatu baada ya Maghribi ndipo alipokuja kwangu, na hata hapo alizungukazunguka kwa habari nyingine kabla ya kusema. Nilipomuuliza kwa nini hakuja Jumapili, aliinamisha kichwa. "Nilikuonea haya, Maalim. Wewe ulikwisha msifu. Nikadhani mkono wangu ndio usiojua kukama."

Maneno hayo yaliniuma kuliko lawama. Heshima aliyoniwekea ilikaribia kumpotezea haki yake, kwa maana haki hii ina muda.

Hadithi ya Abu Hurayra (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inatuhusu moja kwa moja. Mtume (s.a.w.) alikataza ngamia, kondoo na mbuzi waachwe bila kukamwa ili kiwele kijae na mnunuzi ahadaike. Aliyekwisha kununua mnyama wa namna hiyo ana hiari baada ya kumkama: akipenda atambakisha, na asipopenda atamrudisha pamoja na pishi moja ya tende. Wanazuoni wameliita jambo hili *tasriya*. Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa ni haramu, na kwamba hiari ya kurudisha ni ya papo hapo mara mnunuzi anapotambua. Kisha akaitaja kauli nyingine, kwamba hiari huendelea hadi siku tatu. Hizo siku tatu zimo katika riwaya ya Muslim. Nilishika kauli hiyo. Nikampigia muuzaji simu usiku uleule, mama akiwa mbele yangu, akamwambia kwa kinywa chake kwamba anamrudisha mbuzi.

Wengi huniuliza, tende za nini, na aliyedhulumiwa ni mnunuzi? Jibu ni kwamba maziwa yaliyokuwamo kiweleni wakati wa kuuziana yalikuwa sehemu ya kilichouzwa, na mnunuzi amekwisha kuyanywa. Mnyama akirudi, hayo nayo yana haki ya kurudi. Lakini nani atajua yalikuwa kiasi gani, na yapi yameingia baadaye kwa malisho ya mnunuzi? Sheria ikakata mzozo kwa kipimo kimoja kisichobadilika, maziwa yakiwa mengi au machache. Najua wenzetu wa madhehebu ya Imam Abu Hanifa hawaoni hivyo. Sisi wa pwani hii tunafuata madhehebu ya Imam Shafi.

Jumanne asubuhi tulimrudisha mbuzi, na tende zimo kikapuni. Muuzaji alirudisha fedha bila ugomvi. Alisema safari ya kuja mnadani ilikuwa ndefu, hapakuwa na nafasi ya kukama njiani. Huenda. Nia yake sikuihukumu. Tende alizikataa, akisema anaona haya. Mama akaziweka juu ya kigoda chake akamwambia, "Ni haki yako, baba. Wape watoto." Mimi nilisimama pembeni nikijiuliza ni mara ngapi nimesema "mashaallah" mahali ambapo ingenipasa kusema "sijui".

Ndipo nilipokwenda kujifunza. Karibu na msikiti wetu anaishi bibi mmoja aliyezaliwa ukingoni mwa Mto Tana, ambaye amekama mbuzi na ng'ombe tangu utotoni. Nilipomsimulia kisa chetu alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Maalim," akasema, "nyinyi mlikitazama kiwele kimejaa. Kiwele hutazamwa kikiwa kitupu."

Alitupeleka zizini, mimi na yule mama, akatusimamishia mbuzi wawili ambao viwele vyao, kwa macho yangu, vilikuwa sawa. Akawakama wote wawili hadi tone la mwisho. Kiwele cha wa kwanza kilinywea, ngozi ikajikunja mikunjo laini kama mfuko wa kitambaa uliomwagwa mchele. Cha wa pili kilipungua kidogo tu, kikabaki kizito na kigumu. Hicho ni kiwele cha nyama. Ndani yake mna mafuta na nyuzinyuzi nyingi kuliko tezi zinazotengeneza maziwa, na ukubwa wake hauna faida kwa anayesubiri na sufuria. Akamwambia mama atie mkono apapase vyote viwili. Kile kizuri kilivutika na kurudi, ngozi nyembamba, hakina bonge.

Kisha akatusimamisha nyuma ya mbuzi. Tofauti na ng'ombe mwenye chuchu nne, mbuzi ana mbili, na kiwele chake ni nusu mbili zilizokaa bega kwa bega. Baina yake hupita mfereji, nao ni alama ya ukano unaokishikilia kiwele mwilini. Mfereji ukionekana wazi, ukano una nguvu. Sehemu ya chini ya kiwele ikiwa bapa kama sinia, na chuchu zikitazama nje, huenda ukano umelegea, au, kama ilivyokuwa mnadani, kiwele kimeachwa kikajaa kupita kiasi. Kikamwe kwanza, ndipo utajua ni lipi kati ya hayo mawili.

Kipimo cha kina ni rahisi. Mguu wa nyuma wa mbuzi una kifundo kinachopinda kuelekea nyuma. Chini ya kiwele pasishuke kupita kifundo hicho. Mbuzi wa uzao wa kwanza ambaye kiwele chake tayari kinagusa usawa huo, kila uzao utazidi kukishusha. Atakikanyaga akiinuka, mtoto wake atahangaika kuitafuta chuchu, na kwenye ardhi yetu hii ya mawe ya matumbawe na vichaka vya miiba hatakosa jeraha. Jeraha la kiwele ni mlango wa ugonjwa. Kwa hiyo kiwele kizuri kimepanda juu, karibu na mkia, na kimekamata kwa upana. Ukikitazama ubavuni, mbele kinaungana na tumbo bila pengo la kuingiza ngumi.

Nusu moja ikiwa ndogo kuliko nyenzake, uliza. Pengine mtoto amezoea kunyonya upande mmoja, na hilo si baya. Lakini ikiwa ndogo na ngumu, ugonjwa ulikwisha pita hapo, na upande huo ni vigumu kurudi ulivyokuwa.

Juu ya chuchu bibi alikuwa na mengi ya kusema, kwa kuwa mikono yake ndiyo iliyotaabika nazo. Ziwe mbili tu, za kukamatika kwa vidole, zimeelekea chini au mbele kidogo. Zilizo fupi mno huchosha mkono. Zilizonenepa kama chupa humshinda mtoto mchanga kuzitia kinywani. Zipo pia chuchu za ziada, au chuchu moja iliyogawanyika ncha mbili. Kasoro hiyo hurithiwa. Ndiyo maana hata beberu hukaguliwa, kwani naye ana chuchu zake ndogo mbili. Swali la kwanza kuhusu beberu, alisema, ni kiwele cha mama yake. Na mwana mbuzi ambaye hajazaa hana kiwele cha kutazamwa. Mtazame mama yake kama yupo.

Kabla ya kugusa, omba ruhusa ya mwenyewe, na kata kucha. Hili la kucha si adabu ya bibi pekee: Imam Ahmad amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliagiza wakamaji wapunguze kucha zao wasivijeruhi viwele vya mifugo. Gusa kwa kiganja. Joto kali, uvimbe, au mbuzi kuruka kwa maumivu ni dalili za ugonjwa wa kiwele. Michirizi ya kwanza ya maziwa ikamie juu ya kitambaa cheusi. Bibi ana kipande cha buibui kuukuu anachokifunga mdomoni mwa kikombe. Mabonge, damu au majimaji huonekana hapo mara moja. Ukimkuta mbuzi wako mwenyewe kiwele kimekuwa baridi na rangi imegeuka samawati, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Na akidungwa sindano ya dawa, maziwa yake hayanywewi wala hayauzwi mpaka ziishe siku alizotaja daktari.

Lililobaki ni la subira. Mwombe muuzaji amkame mbuzi hadi mwisho mbele yako jioni, kisha rudi asubuhi, saa 12 baadaye, uyapime maziwa mwenyewe. Uliza pia amezaa lini. Maziwa ya mbuzi huongezeka hadi wiki ya sita au ya nane, kisha hupungua polepole. Anayetoa lita moja miezi minne baada ya kuzaa ni bora kuliko anayetoa lita hiyo hiyo wiki ya sita. Wala msitarajie makuu: mbuzi wetu wa kienyeji hutoa kikombe au viwili kwa siku baada ya mtoto wake kushiba, na chotara aliyelishwa vyema huweza kufikia lita moja au mbili.

Nawaomba kina mama jambo moja nje ya mada: maziwa hayo yachemsheni, kwani homa ya brusela huja kwa maziwa mabichi, na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe ya mbuzi badala ya ziwa la mamake.

Wiki tatu baadaye tulikwenda kwa mfugaji mmoja, nyumbani kwake, si mnadani. Mama alimtazama mbuzi wa kwanza kwa nyuma, akamwacha. Wa pili alimpapasa, akaomba akamwe. Tulirudi kesho yake asubuhi, akatoa kikombe chake cha kupimia na kitambaa cheusi, akachuchumaa. Mfugaji aliniuliza mimi kama nimeridhika. Nilimwambia amuulize mama, kwani mimi nilikuwa nimeshika kamba tu.